Maji ya Masika Yapewe Mahali pa Kusubiri

Wavuvi wa Msasani hawahitaji kuambiwa bamvua inaingia lini. Hutazama mwezi. Ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hupanda juu zaidi na kupwa mbali zaidi. Siku za katikati ni za maji mafu, ambayo hayana mwendo mkubwa. Katika pwani ya Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua huzidi mita tatu. Halafu kuna suala la majira: bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa usawa wa ikweta. Kilele cha kwanza, basi, hugongana na mvua za masika, zinazoanza Machi na kushika kasi Aprili.

Elimu hiyo ya ufukweni haijafika vizuri kwenye meza zinakopangwa bajeti za mitaro. Kila mvua kubwa inapoacha nyumba zimezama, kilio ni kilekile: mitaro ni midogo, mitaro imeziba, itanuliwe, izibuliwe. Ni kilio cha haki. Lakini mtaro wa mtaa ulio karibu na bahari una shida ambayo mtaro wa Dodoma hauijui. Mara mbili kila siku, kwa saa kadhaa, pale unapomwaga maji hapapokei. Bahari ikiwa juu ya mdomo wa mtaro, maji ya mvua husimama, na maji ya chumvi huanza kupanda kurudi mtaani. Tanua mtaro huo maradufu bila kubadilisha kitu kingine, nafuu utakayopata ni ndogo kuliko bili ya zege.

Hesabu yake haihitaji shahada ya uhandisi. Mvua ya milimita 50, ambayo Dar es Salaam huipata katika masika ya kawaida kabisa, ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba inaleta mita za ujazo 50,000 za maji. Hayo ni maboza 5,000 ya lita elfu kumi kila moja. Zamani sehemu kubwa ingenywewa na mchanga na majani. Leo eneo hilo ni mabati, sakafu na lami, kwa hiyo maji mengi yanashuka kwa pamoja, na yakikuta bahari imejaa hayana budi kukaa mahali fulani mpaka ianze kupwa. Mji ambao haukuyatengea mahali utayakuta yamejichagulia vyumba vya watu.

Msasani penyewe kuna mfano unaojieleza: Bonde la Mpunga. Watu walilima mpunga hapo kabla mji haujawafikia. Ardhi ni chepechepe, maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, na pande zote kuna sehemu zilizoinuka kidogo. Mashamba yale yalifanya kazi ambayo hakuna aliyeilipia: yalipokea maji ya juu, yakayatuliza, yakayaachia taratibu kuelekea baharini. Nyumba zikaingia, kwanza moja moja, kisha zikabanana. Wakati huohuo mitaa ya wenye uwezo iliyolizunguka bonde ikaongeza maegesho, kuta za uzio na majengo makubwa, na baadhi ya majengo hayo yakakaa juu ya njia ambayo maji yaliizoea. Watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi wamelichunguza eneo hili zaidi ya mara moja, na picha wanayoichora haibadiliki sana: bonde lililokuwa na mlango wa kutokea limegeuzwa kuwa bakuli.

Athari zake huonekana uchochoroni. Mlangoni pamejengwa kizingiti cha tofali tatu au nne, cha kuruka kila unapoingia na ndoo ya maji. Ukutani kuna mstari wa kahawia unaoonyesha maji yalifika wapi mwaka ule. Kitanda kimewekwa juu ya matofali, friji juu ya meza, na vyeti vya shule vya watoto viko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Nje kuna lori limeshusha kifusi. Mwenye kiwanja amechoka kuzama, kwa hiyo anajaza, anainua msingi, anajenga upya. Maji yaliyokuwa yakilala kwake yanahamia kwa jirani, na jirani akipata pesa naye anaita lori. Baada ya miaka kumi, mama mjane ambaye hakuwa na uwezo wa kununua hata tripu moja ya kifusi anashuka ngazi mbili kuingia sebuleni kwake. Kifusi ndicho kinga ya mafuriko inayotumika zaidi Dar es Salaam, nacho hufanya kazi kwa kumhamishia mwingine maji.

Na maji yenyewe si ya mvua tu. Pale ambapo maji ya chini yako karibu, shimo la choo hujaa upesi, na kuita gari la kunyonya majitaka ni gharama. Mvua kubwa inaponyesha usiku, wapo wanaofungua na kutapisha choo, uchafu ukaondoka na mkondo. Kila mkazi analijua hilo na karibu kila mkazi analilaani, hata anayelifanya. Agosti 2015 mlipuko wa kipindupindu ulianzia Kinondoni, kisha ukasambaa mikoa mingi ya nchi. Haitoshi kuwahubiria watu usafi wakati kinyesi cha kaya nzima hakina pa kwenda zaidi ya mtaro wa mvua ambao nao hauna pa kwenda.

Kisa cha Bonde la Mpunga ni kidogo kwa eneo. Kisa kilekile kwa ukubwa kinaitwa Msimbazi.

Mto huo unaanzia vilima vya Pugu, unakusanya vijito vya sehemu kubwa ya jiji na kutokea baharini karibu na Daraja la Selander, kwenye mikoko. Desemba 2011 ulifurika kwa mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuonekana ya namna ile tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Somo lilikuwa kubwa mno kusahaulika, lakini likasahaulika: depo ya mabasi yaendayo haraka ilikaa Jangwani, ndani ya bonde lilelile, huduma ikaanza Mei 2016, na kufikia 2018 mafuriko yalikuwa yameingia depo na kuharibu mabasi. Barabara ya Morogoro, mshipa mkuu wa jiji, ikazoeleka kufungwa kila Jangwani inapojaa. Kati ya Desemba 2015 na Januari 2016 bomoabomoa ilipita mabondeni na alama zake za X nyekundu, ikisimamia sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba za watu maskini zilianguka. Depo ilibaki.

Haki ni haki, mambo yamebadilika kidogo tangu hapo. Mwaka 2018 wakazi, wahandisi na taasisi zaidi ya moja walikaa pamoja katika vikao virefu kupanga mustakabali wa bonde, na Septemba 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, huku Hispania na Uholanzi zikichangia. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kuchimba na kupanua njia ya mto, kuinua kingo ili zijengwe, na katikati bustani kubwa ya jiji. Bustani hiyo ndiyo wazo bora katika mpango mzima, ingawa wanasiasa hupenda zaidi kulizungumzia daraja. Siku za jua ni uwanja wa watoto na wapenzi. Siku ya mvua kubwa inaruhusiwa kuzama. Kwa mara ya kwanza jiji limekubali kwenye karatasi kwamba maji yana haki ya kukaa mahali kwa saa kadhaa bila kumfukuza mtu kitandani.

Kinachosumbua ni kwamba fikra hiyo imebaki Msimbazi. Kwingineko, mradi wa mitaro bado unasomeka kama mradi wa barabara: kilomita ngapi, zege kiasi gani, mkandarasi nani. Mradi wa kuendeleza jiji unaojulikana kwa kifupi cha DMDP, ulioidhinishwa 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300, uliijengea Dar es Salaam mitaro mikubwa ambayo haikuwahi kuwa nayo. Mto Ng'ombe, uliokuwa ukila kingo na kuta za watu wa Tandale, ukavalishwa zege. Mkazi wa Tandale aliyewahi kuona choo chake kikiporomokea mtoni hataki kusikia mtu akiubeza mtaro ule, naye ana sababu. Lakini maji yanayokimbia upesi juu hufika upesi chini. Mtaro laini ulionyooka huleta kilele cha mafuriko mapema na kwa wingi zaidi kwa walio karibu na mdomo, na walio karibu na mdomo ndio wanaotegemea saa za bahari. Kila kilomita ya zege huko juu ilipaswa kuambatana na ekari kadhaa za kupumzisha maji huko chini, ndani ya mkataba uleule na bajeti ileile.

Jambo hili limeshafanyika katika bahari hiihii, kusini kwetu. Beira, mji wa bandari wa Msumbiji, ulijengwa na Wareno juu ya vinamasi, na sehemu kubwa yake iko chini ya usawa wa bamvua. Huko bahari hupanda na kushuka kwa kiasi kinachokaribia mara mbili ya Dar es Salaam, kwa hiyo hawakuwa na anasa ya kuisahau. Meya wao, marehemu Daviz Simango, alilishikilia suala hilo kwa miaka. Kwa fedha za Benki ya Dunia walikarabati kilomita 11 za mifereji, wakaweka vituo vyenye milango ya kuzuia bahari isipande, na wakachimba bwawa kubwa la kuhifadhi maji kwa muda. Kwa msaada wa Ujerumani wakaufufua Mto Chiveve uliokuwa umekufa katikati ya mji, wakautengenezea mlango kwenye mdomo na bustani kandokando. Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019 kimbunga Idai kikaupiga mji huo na kuuharibu vibaya. Hakuna mtaro unaozuia upepo kung'oa mapaa. Hata hivyo, kwenye mitaa iliyokuwa na mifereji mipya maji yaliondoka, wakati kwingine yalilala.

Mlango wa kwenye mdomo wa mtaro ni kifaa rahisi kuliko jina lake. Ni bamba zito lililoning'inizwa kwa bawaba upande wa bahari. Maji ya ndani yakiwa juu hulisukuma na kutoka. Bahari ikiwa juu hulisukuma likajifunga. Halihitaji umeme wala mlinzi. Linahitaji mtu wa kuhakikisha chupa ya soda au tawi la mkoko halijakwama kwenye ukingo wake, kwa maana likibaki wazi kwa upana wa kiganja tu, bahari inaingia kama kawaida. Dar es Salaam kuna adui mwingine: chuma. Mifuniko ya mitaro inajulikana kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo mhandisi mwenye akili atachagua mpira mgumu au plastiki nzito.

Tukubali pia upande wa pili wa hoja. Ardhi ya Dar es Salaam ni ghali, jiji lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na takribani asilimia 70 wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Ukisema maji yapewe mahali, swali la kwanza la mkazi wa bondeni ni mahali pa nani. Amewahi kulipwa fidia isiyotosha kiwanja hata Chanika, pembezoni mwa jiji, au hakulipwa kabisa. Malalamiko ya fidia yameandama hata mradi mzuri wa Msimbazi. Mpango wowote unaoanza kwa kuwaondoa walio chini huku walio juu wakiendelea kusakafia nyua zao ni dhuluma, na utapingwa kama dhuluma.

Ndiyo maana nafasi za maji zianze kutafutwa juu. Udongo wa sehemu nyingi zilizoinuka za jiji ni wa kichanga na hunywa vizuri. Viwanja vya mpira vya shule vinaweza kushushwa nusu mita na kugeuka mabwawa ya saa chache. Maegesho ya maduka makubwa, ofisi na makanisa makubwa yanaweza kutandikwa matofali yanayopitisha maji badala ya sakafu ngumu. Kibali cha ujenzi wa ghorofa kinaweza kudai tangi la kushikilia maji ya paa hadi mvua ipite. Hakuna jipya hapo. Kinachokosekana ni mtu wa manispaa anayekataa kusaini kibali hadi alione tangi. Bondeni kwenyewe, ambako shimo ukilichimba linajaa maji kabla ya kufika kiunoni, visima vya kunyonya havifai, na kuvipendekeza huko ni kutowajua wenyeji.

Bahari nayo haisubiri mjadala wetu. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na mwendo unaongezeka. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama, uliokamilika 2018, ni jibu zuri kwa mawimbi, na watu wanaupiga picha kila jioni. Hakuna anayepiga picha mdomo wa mtaro. Lakini kila sentimita bahari inayoongeza inarefusha saa ambazo midomo hiyo imefungwa, na mtaro uliosanifiwa kwa bahari ya mwaka 1980 unazidi kupoteza dakika zake za kufanya kazi.

Limebaki la ufagio, ambalo wafadhili hawapendi kuligharimia. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara, na nafuu ilionekana. Chupa, vifuu vya madafu, mchanga na nguo kuukuu zimebaki. Mtaro wa pwani una mteremko mdogo sana, kwa hiyo hauna kasi ya kujisafisha. Usipozolewa kabla ya mvua, mchanga hujaza nusu yake na nyasi huota. Nani azoe? Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA tangu ilipoanzishwa 2017, taka ni za manispaa, mto ni wa bodi ya bonde la Wami/Ruvu, na kingo zinaangaliwa na baraza la mazingira, NEMC. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye anayegongewa mlango saa nane za usiku, hana fungu wala koleo.

Hananasif iliwahi kuonyesha njia nyingine. Katika miaka ya 1990, mtaa huo wa Kinondoni ulio kando ya Msimbazi ulipata mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, UNDP na Ford Foundation. Wakazi wenyewe, wanawake na wanaume, ndio waliochimba na kujenga mitaro, wakilipwa ujira. Kamati yao ikaweka kizuizi barabarani na kutoza ushuru magari yanayoingia, ili pesa ya matengenezo ipatikane. Waliojua kila jiwe limekaa wapi ndio waliokuwa na jukumu la kulirudisha likitoka. Baadaye, kuanzia 2015, vijana wa Ramani Huria, wengi wao wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka mitaa wakiwa na simu na wenyeji, wakachora mtaro kwa mtaro, wakiandika kina, upana na mahali palipoziba. Ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Jiji haliwezi tena kusema halijui mitaro yake iko wapi.

Na pesa ya kuizoa ipo. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU, kidogo kidogo kila mwezi, na jengo la ghorofa hutozwa kwa kila ghorofa. Mwenye chumba na sebule Bonde la Mpunga anakatwa. Jengo refu la Mikocheni, jirani na bonde hilo, linakatwa pia. Sehemu ya makato hayo itengwe kwa mitaro tu, na igawanywe kwa kufuata njia ya maji badala ya mipaka ya kata: paa na maegesho ya Mikocheni yanamwaga bondeni, kwa hiyo shilingi ya Mikocheni ifuate maji yake hadi bondeni. Atakayelalamika ni mwenye ghorofa, atasema yeye hajawahi kufurika. Hajawahi, kwa kuwa maji yake yanafurika kwa mwingine. Wahandisi wa TARURA wanaweza kuchora mipaka ya njia hizo kwa ramani zilizopo, mgao ukaanza mwaka wa fedha unaoanza Julai, na vibarua wa mitaa wakawa wamemaliza kuzoa mchanga kabla ya mwisho wa Februari.